Ingekuwa Haibanduki, Je?

Uso wa yule binti kwenye skrini ulipoanza kulegea na kubanduka, sebule yangu nzima ilipiga ukunga. Vijana walikuwa wamejazana kwenye makochi, wengine wamekaa chini na bakuli la bisi katikati yao. Kila kipande cha ngozi kilipoachia, wakapiga kelele, wakafumba macho, wakacheka, wakafumbua, wakacheka tena. Filamu ya kutisha yenye vichekesho haitaki zaidi ya hapo.

Binti wa kaka yangu, aliye mwaka wa pili chuoni, hakucheka. Alisubiri mpaka majina yakaanza kupanda kwenye skrini, ndipo akanigeukia.

“Shangazi, ingekuwa haibanduki, je?”

Nilimwambia anisaidie kukusanya glasi.

Wiki zimepita. Swali halijaondoka, na mimi nina ugonjwa wa kukosa usingizi kwa swali la mtu mwingine, hasa akiwa ni mtoto niliyembeba mgongoni.

## Anaingia mmoja, anatoka mwingine

Filamu yenyewe ni *Slanted* ya mwongozaji Amy Wang, mzaliwa wa China aliyekulia Australia. Machi 2025 ilitwaa tuzo kuu ya majaji kwa filamu za hadithi kwenye SXSW, tamasha la filamu na muziki la kule Austin, Texas. Joan Huang ni mwanafunzi wa sekondari Marekani, binti wa wahamiaji wa Kichina, na anachokitaka duniani ni lile taji la malkia wa dansi ya shule, ambalo sisi sote tumelitazama kwenye filamu zao mpaka tunalijua kuliko sherehe zetu wenyewe. Kuna kampuni inaitwa Ethnos. Inamwahidi upasuaji mpya usioishia kwenye pua wala kope: unambadilisha mtu mzima awe Mzungu. Anaingia mwigizaji Shirley Chen, anatoka Mckenna Grace, na jina linakuwa Jo Hunt.

Hapo ndipo nilipoanza kuiheshimu. Mwongozaji mwingine angempaka Chen vipodozi na kumvika wigi, tukacheka, tukasahau. Huyu ametunyang'anya mtu tuliyekwisha kumzoea. Tulishajua anavyoinamisha macho akiaibika, anavyojibana akipita katikati ya wenzake. Ghafla tunaletewa mgeni na kuambiwa ndani ni yuleyule. Nilijikuta namtafuta Chen kwenye kila tendo la Grace, namna anavyoshika kijiko, namna anavyosita kabla ya kujibu. Nikawafikiria wazazi wake, ambao wanatakiwa kufanya kazi hiyohiyo mezani kila siku, na mgeni mwenyewe anawajibu kama mtoto wao.

Kisha mambo yanamnyookea.

Wale waliokuwa hawamwoni sasa wanamwona. Nusu ya vichekesho inatoka hapo, kwenye jambo rahisi kwamba upasuaji umefaulu. Tulicheka pamoja naye, na tusidanganyane jamani, tulianza kuona wivu kidogo. Ngozi ilipoachia, sote tukapumua. Kumbe alikuwa anakwenda kuadhibiwa! Basi hatukukosa kitu.

Swali la binti wa kaka linachoma hapohapo. Ondoa mbanduko. Acha ngozi ikae imara mpaka uzeeni. Filamu inabaki na nini cha kumwambia Joan?

## Jibu la kwanza, kutoka mahakamani

Jibu langu la kwanza nililiokota mahakamani, na kwa siku kadhaa nilitembea nalo kifua mbele.

Takao Ozawa alizaliwa Japani, akafika Kalifornia mwaka 1894 angali kijana, akasoma sekondari Berkeley, akaingia Chuo Kikuu cha Kalifornia. Baadaye alihamia Honolulu. Nyumbani kwake walizungumza Kiingereza, na watoto wakapelekwa kwenye kanisa na shule za Kimarekani. Tatizo ni kwamba tangu mwaka 1790 sheria ya Marekani ilimpa mgeni nafasi ya kuomba uraia iwapo tu ni mtu huru mweupe. Mwaka 1870 wakaongezwa watu wenye asili ya Afrika. Mjapani hakuwemo kwenye fungu lolote. Ozawa akaamua kuwashika kwa maneno yao wenyewe: kama suala ni ngozi, wako Wajapani wengi walio weupe kuliko Mtaliano au Mhispania wa kawaida.

Novemba 1922 Mahakama ya Juu ikamjibu, majaji wote wakikubaliana. Ngozi haiwezi kuwa kipimo, kwa sababu hata miongoni mwa Waingereza wenyewe wapo weupe pee na wapo wa rangi ya kukolea. Mweupe, wakasema, ni mtu wa jamii ya Kaukasi, yaani ile mbari ambayo wataalamu wa zama hizo waliwaweka Wazungu.

Haya. Februari 1923 akaja Bhagat Singh Thind, Mpunjabi wa India aliyekuwa amevaa sare ya jeshi la Marekani kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Wataalamu wa mbari wa zama hizo walikuwa wakiwahesabu watu wa kwao kuwa Wakaukasi. Kwa hukumu ya miezi mitatu nyuma, huyu ameshashinda. Jaji George Sutherland, yuleyule aliyeandika hukumu ya Ozawa, akaandika na hii: sayansi nayo siyo kipimo. Kipimo ni anavyoelewa mtu wa kawaida, na mtu wa kawaida hamwiti Mhindi mweupe.

Nilicheka peke yangu usiku wa manane. Vikundi vyetu vya maigizo vingeandika kisa hicho, watazamaji wangelalamika kimezidishwa chumvi. Na kizuizi cha rangi kwenye uraia hakikuondolewa kabisa mpaka mwaka 1952.

Basi nikamwandikia binti wa kaka: hata isipobanduka, geti linahamishwa. Ozawa ngozi yake haikuwa ya kupachikwa, alizaliwa nayo, na bado wale waliotaka mtu mweupe ndio waliomwambia siyo ngozi.

Akanijibu “Ok.”

Vijana wa siku hizi nawajua. Hiyo siyo ndiyo.

## Mtoto wa Berlin akaniharibia

Raha yangu ilikatizwa na mtoto mmoja wa shule, Berlin, mwaka 1896.

Masikio yake yalikuwa makubwa na yamechomoza. Wenzake walimcheka mpaka akagoma kwenda shule. Mama yake akampeleka kwa daktari kijana, Jacques Joseph, aliyekuwa msaidizi kwenye kliniki ya mifupa ya Profesa Julius Wolff. Siku zile daktari alitibu ugonjwa. Kumpasua mtoto mwenye afya kwa sababu anachekwa lilikuwa jambo la kujaribu, tena la kutiliwa shaka. Joseph akapasua, masikio yakalala vizuri, naye akaliwasilisha tendo lake mbele ya chama cha madaktari wa Berlin.

Wolff akamfukuza kazi.

Yaani huyu ndiye hasa mwanafunzi aliyebadilishwa na upasuaji wa majaribio, wa kweli, na hakuna kilichobanduka. Nilijaribu kumwonea huruma kama ninavyomwonea Joan, nikashindwa. Geti gani lilihamishwa hapo? Mtoto alichekwa kwa masikio, masikio yakarekebishwa. Joseph alishikilia kwamba aibu nayo ni maumivu na inastahili kutibiwa, na nikimfikiria mtoto wangu ndiye anajifungia chumbani asubuhi ya shule, sioni pa kumpinga. Ningempeleka. Ningeuza hata cherehani.

Hoja yangu ya Ozawa ikaanza kuvuja. Kama masikio ruksa, macho kwa nini yasiwe ruksa?

Nikaendelea kusoma, nikakuta mwaka huohuo wa 1896, kule Japani, daktari aitwaye Mikamo aliandika habari za kutengeneza mkunjo wa kope. Mgonjwa wake alikuwa mwanamke mwenye mkunjo kwenye jicho moja, jingine halina. Daktari akayalinganisha. Alichokuwa ananakili ni jicho la pili la mama huyohuyo. Miongo kadhaa baadaye, Korea, vita vimekwisha juzijuzi tu, mkalimani mmoja wa Kikorea alimwendea daktari wa jeshi la Marekani, Ralph Millard, akaomba atengenezewe macho ya mviringo. Sababu aliyoitoa ilinifanya niweke simu chini kwa muda. Alisema Wamarekani wakimtazama macho hawawezi kujua anawaza nini, kwa hiyo hawamwamini.

Yule ni mkalimani. Kazi yake ni kuaminiwa. Alikuwa anakwenda kutengeneza kitendea kazi.

Upasuaji wa mama wa Mikamo na wa mkalimani wa Millard ni wa kope ileile. Ukisoma maelezo ya daktari tu bila kumsikiliza mgonjwa, hutaona tofauti.

Na Joseph mwenyewe hakuishia kwenye masikio. Mwaka 1898 alipunguza pua ya mwanamume aliyechoka kutazamwa njiani, akaja kuwa bingwa wa pua mpaka Berlin wakamtania kwa kulibandika neno pua kwenye jina lake. Wengi waliomfuata walikuwa Wayahudi waliotaka kupita barabarani bila mtu kugeuka. Naye alikuwa Myahudi, alizaliwa akiitwa Jakob. Mwaka 1933 Wanazi wakashika dola. Mwaka uliofuata akafariki. Dola ile haikuwa na shida na pua ya mtu. Ilitaka vyeti vya babu na bibi.

Hapo nikapata kitu kidogo cha kushika. Masikio ya yule mtoto yalifaulu kwa sababu waliomcheka walikuwa watoto wenzake, na watoto wakikosa cha kucheka wanahamia kwa mwingine. Pua ilikuja kukutana na serikali. Joan naye anadhani anapambana na darasa lake tu, na ukutani pa ile shule yeye mwenyewe anaona picha za malkia waliopita, wote rangi moja. Ule ukuta haukupambwa na wanafunzi.

Lakini hilo bado siyo jibu la binti wa kaka. Yeye hakuuliza kama Joan ana makosa. Aliuliza: akifaulu, je?

## Tunachocheka hasa

Sasa nije kwetu, maana najua mnangoja mkorogo.

Mtoto akizaliwa kwetu, hajakaa hata siku mbili vizuri, akina mama wameshamgeuza kichwa watazame ncha za masikio. Leo ni mwekundu, wanasema, lakini masikio hayadanganyi. Akitabiriwa maji ya kunde, pongezi zinarefuka kidogo. Akitabiriwa mweusi, anaombewa akili. Hakuna mwenye nia mbaya chumbani mle. Uji unanywewa, vigelegele vinapigwa, mtoto anabebwa kwa zamu.

Ndipo miaka kumi na tisa baadaye tunamshangaa binti kukutwa na kopo.

Kampeni zetu dhidi ya mkorogo zinasimama karibu zote juu ya mbanduko. Zebaki inaharibu figo: kweli. Haidrokwinoni inaizuia ngozi kutengeneza rangi yake, na ikitumiwa kwa miaka inaweza kuacha mabaka meusi yenye ubluu palepale ulipotaka peupe: kweli, na huo ni mzaha mkatili ambao mwandishi wa filamu angeona haya kuubuni. Sheria zipo. Tanzania ilishapiga marufuku vipodozi vyenye vitu hivyo. Rwanda ilivisaka madukani na kuviondoa kuanzia mwishoni mwa 2018. Bunge la Afrika Mashariki lilipitisha azimio dhidi ya haidrokwinoni mwaka 2019. Sina ugomvi na hayo hata kidogo. Figo ni figo.

Ila sikilizeni hoja inavyosema: usijichubue, utaharibika.

Na asiyeharibika?

Maana mwenye hela hachanganyi vyake kwenye bakuli la plastiki. Anakwenda mahali penye kiyoyozi, kwa mtu aliyevaa koti jeupe, anatundikiwa dripu, anauziwa vya bei, anaambiwa akae mbali na jua, na ofisi yake haina jua. Sisemi dripu hiyo ni salama. Nasema haionekani. Huyo anang'aa sawasawa mpaka kwenye vifundo vya vidole, na sisi hatumwiti Fanta usoni, Coca-Cola miguuni. Tunamwambia, “Shoga, ngozi yako!” Halafu tunamvuta pembeni atupe namba.

Tunayemcheka ni dada wa genge la mbogamboga, ambaye pesa zake zilitosha kopo moja, na jua analo bure tangu asubuhi. Kosa ni lilelile, kama lilikuwa kosa. Kilichotofautiana ni umaliziaji. Tunacheka mshono ulioonekana, nguo tunaitamani.

Nilipofika hapo ndipo nilipokisikia upya kile kicheko cha sebuleni. Jo alipokuwa mzuri na mwenye marafiki, tulikuwa upande wake. Alipobanduka tukamcheka. Binti wa kaka ni mweusi wa masikio na wa kila mahali, anajijua hivyo na amekua akiombewa akili. Labda alikuwa anatutazama sisi zaidi ya skrini. Sikumwuliza.

## Dawa isiyobanduka

Yupo mtu aliyethubutu kuondoa mbanduko, na alifanya hivyo zamani. George Schuyler, mwandishi Mmarekani mweusi, mwaka 1931 alitoa riwaya ya dhihaka, *Black No More*. Daktari Junius Crookman, mweusi aliyesomea Ujerumani, anarudi na mashine inayomgeuza mtu mweusi kuwa mweupe kwa siku tatu, kwa dola 50. Max Disher, kijana mweusi wa Harlem, New York, anakuwa wa kwanza mlangoni. Sababu yake? Usiku wa mwaka mpya aliomba kucheza dansi na msichana wa Kizungu kutoka Atlanta, akatukanwa. Sasa akiwa Matthew Fisher anashuka mpaka Atlanta, anajiunga na chama cha wabaguzi, anapanda cheo, na anamwoa msichana yuleyule, aliye binti wa kiongozi wa chama.

Hakuna kinachobanduka. Dawa ya Crookman ni imara kuliko ndoa nyingi.

Kasoro yake ni moja: haifiki kwenye uzazi. Watu wanageuka, watoto wanazaliwa na rangi ya zamani, na mke wa Matthew naye anapata mimba. Nilivyofika ukurasa ule nilikuwa nimeshaacha kucheka, nikimwona bibi mmoja wa kwetu amesimama kando ya kitanda anageuza kichwa cha kile kichanga. Mtoto anatoka mweusi. Matthew anakiri. Na hakuna mwisho wa dunia, kwa sababu kufikia hapo kila mtu ameshagundua ana babu wa kuficha.

Kisha linakuja pigo lenyewe. Daktari Crookman anatangaza kwamba waliogeuzwa ni weupe kidogo kuliko weupe wa kuzaliwa. Basi weupe uliozidi unakuwa alama ya kushukiwa. Wenye majina makubwa wanaanza kujianika juani na kujipaka rangi, na viwanda vya kutia weusi vinafunguliwa. Mwishoni Crookman anatazama picha gazetini: Wamarekani wenye furaha kwenye ufukwe wa Cannes, akiwemo Matthew na familia yake, wote wamekolea kama mtoto wao anayecheza mchangani.

Schuyler hamwadhibu mtu kwa kubadilika, na hamfundishi mtu kujipenda. Wote wanabaki walewale, wanaendelea kupimana. Ni kitabu cha baridi, na sehemu nyingine zake kina ukatili nisioupenda. Lakini kinajibu swali ambalo *Slanted* inalikimbia kwa kuweka ngozi inayoning'inia mbele ya macho yetu. Naelewa kwa nini inalikimbia. Filamu lazima iishe, watu wapande daladala. Bado naona Wang, aliyekuwa na ujasiri wa kutunyang'anya Chen, angeweza kuthubutu hatua moja zaidi na kumwacha Grace na uso wake.

Jumapili nikampigia simu binti wa kaka. Nikamwambia nimepata mwisho wangu wa ile filamu. Ngozi haibanduki. Jo anavaa taji, anamaliza chuo, anaolewa na watu wa maana wasiojua lolote. Miaka inapita. Anajifungua, na mtoto anatoka na sura ya Joan.

“Na bibi yake?” akauliza.

“Bibi yupi?”

“Mama yake Joan. Ataruhusiwa kwenda kumwona mtoto?”

Nikasema hilo sijaliamua. Mimi nilikuwa naona hataruhusiwa, abaki na picha kwenye simu. Yeye akakataa. Anataka aruhusiwe, tena akae humo ndani mwaka mzima, amwogeshe, ambembeleze kwa Kichina, na wageni wakija atambulishwe kuwa ni yaya.

Nikamwambia hiyo imezidi. Akasema mimi ndiye niliyesema ngozi isibanduke. Tulibishana hapo mpaka salio likaisha.